Serumu si chakula: madini yaliyo ndani ya damu ya mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati

Ukitaja madini huku kwetu, kila mtu anajua unaongelea nini. Masisi ni coltan ya Rubaya. Walikale ni dhahabu, na cassiterite ya Bisie. Tunabishana nani anachimba, nani anabeba, nani anakula faida. Lakini kuna madini mengine ambayo hayajazwi kwa mifuko: yale yanayotembea ndani ya damu ya kila mtu. Sodiamu, ambayo inatoka kwa chumvi, potasiamu, kalsiamu, fosforasi, magnesiamu. Mtu mzima hayafikirii hata siku moja, kwa sababu mwili wake unayapanga wenyewe kutoka kwa fufu, maharagi, sombe na ndagala. Figo zinatupa kinachozidi, mifupa inatunza akiba.

Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, yule tunayemwita mtoto wa miezi saba (wenzetu wa Tanzania wanasema mtoto njiti), hana figo zilizokomaa na hana akiba. Kwake, madini hayo yakipungua au yakizidi, anaweza kushikwa na degedege, kusahau kupumua, au moyo wake kugonga vibaya mpaka usimame.

Habari hii inahusu chupa ya serumu inayotundikwa juu ya kitanda cha mtoto huyo. Karibu na kila maternite utasikia malalamiko yaleyale: mtoto ana kilo moja na nusu tu, jana alikuwa na serumu, leo wameiondoa. «Waganga wamemuacha.» Au: «Dawa zimeisha, hawataki kusema.» Kuna familia zinazobeba mtoto na kutoroka naye, zinamfikisha kwa mtu wa mtaani anayekubali kumtundikia chupa ingine. Hapo njo hatari inapoanza. Tueleze basi kilicho ndani ya ile chupa, na kisichokuwa ndani.

Mavuno ambayo hayakufika ghalani

Mtoto anahesabiwa kuwa amezaliwa mbele ya wakati kama mimba haijafika wiki 37. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani, na hiyo njo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wenye chini ya miaka 5. Sababu zake tunazijua hapa: malaria ya mimba, maambukizi, mimba ya mapacha, tension ya juu, mimba zinazofuatana haraka. Ongezea mama anayekimbia usiku na mzigo mgongoni, bila kula, bila kulala, na bila CPN hata moja.

Sasa, ndani ya tumbo madini hayaingii kwa mtoto kidogo kidogo tangu mwanzo. Karibu asilimia 80 ya kalsiamu na fosforasi anayozaliwa nayo mtoto aliyetimiza miezi inapita ku kitovu katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto huyo anazaliwa na kalsiamu ya karibu gramu 30, na karibu yote iko ndani ya mifupa. Fikiri ghala la mahindi: mavuno yanaingia mwisho wa msimu. Mtoto wa wiki 30 ametolewa shambani wakati mahindi bado ni mabichi. Kitovu kinakatwa, na dakika hiyohiyo mlango wa ghala unafungwa.

Kwa watoto wote, hata wenye kilo tatu, kalsiamu ya damu inashuka siku ya kwanza na ya pili baada ya kuzaliwa. Mtoto mkubwa anachukua ku mifupa, anaanza kunyonya, mambo yanapanga. Mdogo anaweza kuanza kutetemeka mikono na midomo, kushtuka ovyo, kuacha kupumua kwa sekunde nyingi, kushikwa na degedege. Na mara nyingine haonyeshi kitu chochote. Sukari ya damu ikishuka, dalili zinafanana kabisa. Njo maana wauguzi wanamchoma kisigino kupima sukari kabla ya kusema ni kalsiamu, na njo maana mtoto anayetetemeka hatibiwi kwa kumuangalia tu na macho.

Hesabu ya matone

Tuchukue mtoto wa kilo 1.5. Siku ya kwanza anaruhusiwa maji ya karibu mililita 80 kwa kila kilo, maana yake mililita 120 kwa saa 24. Hiyo haifiki nusu ya chupa ndogo ya Fanta, na inapaswa kuingia mchana na usiku mzima, mililita 5 kila saa. Damu yake yote ni mililita 130 hivi. Haijazi kikombe kidogo cha chai.

Kipira cha serumu cha watoto kinatoa matone madogo: 60 yanafanya mililita 1. Kwa kipira hicho, mililita 5 kwa saa ni matone 5 kwa dakika. Kipira cha watu wakubwa kinatoa matone manene: 20 yanafanya mililita 1. Mtu akihesabu yale matone 5 kwa dakika na kipira cha mkubwa, mtoto anapokea mililita 15 kwa saa, mara tatu ya kipimo. Kwa siku moja ni mililita 360 badala ya 120. Hajakosea hesabu ya matone, amekosea kipira. Na hayo ni matone 5 tu. Mtu akifungua zaidi ili «nguvu iingie haraka», chupa nzima inaweza kumwagika ndani ya mtoto kabla ya jua kutua.

Maji hayo mengi yanafanya nini? Yanaisukuma chini sodiamu ya damu, ni sawa na kuongeza maji ku sufuria ya mchuzi ambayo ilikuwa na chumvi ya kutosha. Sodiamu ikishuka sana, ubongo unavimba, mtoto analegea, kisha degedege. Upande wa pili ni mbaya vilevile: ngozi ya mtoto huyu ni nyembamba sana na maji yanatoka kupitia ngozi, hasa kama yuko wazi ama chini ya taa ya joto. Akikauka, sodiamu inapanda, na hiyo pia inaumiza ubongo. Kwa hiyo siku ya kwanza serumu yake kwa kawaida haina chumvi, na chumvi inaongezwa baadaye, wakati ameanza kukojoa vizuri na kupoteza uzito kidogo.

Potasiamu ni kali kuliko yote. Haiongezwi mpaka mtoto akojoe, kwa sababu figo ndizo mlango wake wa kutokea. Hata bila kuongezewa, watoto wadogo sana wanaweza kuwa nayo nyingi kwenye damu siku za mwanzo. Na ampule ya potasiamu ikisukumwa moja kwa moja ndani ya mshipa, bila kuchanganywa na maji mengi, inasimamisha moyo. Kwa mtoto na kwa mkubwa. Basi mama, muuguzi akikuuliza mara kumi kwa siku kama mtoto amekojoa, ama akipima linge iliyolowana, usimuone msumbufu. Swali hilo linaamua kitakachoingia ku chupa.

Kilichomo ku chupa na kisichokuwamo

Duniani kuna chakula kamili cha mshipani. Mwaka 1968, Douglas Wilmore na Stanley Dudrick walieleza habari ya mtoto wa kike huko Philadelphia, Marekani, ambaye matumbo yake hayakuweza kufanya kazi. Walimlisha ku mshipa peke yake, na akakua. Tangu hapo hospitali kubwa zinatengeneza mifuko yenye sukari, protini zilizovunjwa vipande vidogo, mafuta, vitamini na madini yote, ikipimwa kila siku kufuata damu ya mtoto. Kazi hiyo inadai chumba kisafi cha kutengenezea, mashine ya kuhesabu matone, labo inayopima madini ya damu saa yoyote, na umeme usiokatika.

Serumu inayotundikwa kwa kawaida ku hospitali za vijijini ni kitu kingine. Ni glikose ya asilimia 10: maji na sukari. Zile mililita 120 za siku ya kwanza zina sukari gramu 12, kama vijiko vitatu vya chai. Zinampa mtoto kalori 40 hivi, wakati ili akue anahitaji 165 ama zaidi kila siku. Hakuna protini ndani. Hakuna mafuta. Fosforasi hakuna kabisa. Inazuia sukari ya damu isianguke, na hiyo ni kazi kubwa inayookoa maisha siku za kwanza. Lakini mtoto anayekaa siku sita kwa glikose peke yake anafunga njaa huku chupa inaning'inia juu yake.

Na hata ile mifuko kamili ya Ulaya imewasumbua wenyewe. Huko Oslo, Norway, watafiti walichukua watoto 50 wenye chini ya kilo 1.5 na kuwapa wengine chakula cha kawaida, wengine chakula kingi zaidi tangu mwanzo. Waliopewa kingi walikua vizuri zaidi. Lakini fosforasi na potasiamu ya damu yao ilianguka, na walipata maambukizi ya damu kuliko wenzao. Watafiti waliacha kuandikisha watoto wapya, na walichapisha habari hiyo mwaka 2013. Mwaka huohuo, madaktari wa Ufaransa walieleza jambo lilelile: ukimlisha mtoto mdogo protini na sukari nyingi bila fosforasi ya kutosha, seli zake zinaamka, zinaanza kujenga mwili, na zinanyonya fosforasi yote kutoka kwa damu. Mwili unaenda kuitafuta ku mifupa. Mifupa ikivunjwa, fosforasi inatoka pamoja na kalsiamu. Fosforasi inamezwa na seli, kalsiamu inabaki ikielea ndani ya damu. Muganga anaona kalsiamu iko juu na anaweza kufikiri mtoto ana kalsiamu nyingi. Kumbe ni mtoto anayekula mifupa yake. Misuli ya kupumua, ambayo bila fosforasi haina nguvu, inachoka. Mwaka 2018 mwongozo wa Ulaya ulibadilishwa: fosforasi iingie tangu mwanzo, na siku za kwanza kalsiamu isiizidi.

Hili si jambo la wazungu peke yao. Mama yeyote wa Masisi ama Walikale aliyewahi kulala UNTI na mtoto mwenye utapiamlo analijua, hata kama hakuambiwa jina lake. Kwa nini mtoto aliyekonda mifupa mitupu anaanzishiwa F-75, maziwa mepesi yenye protini kidogo, siku kadhaa, kabla ya kupewa F-100 ama Plumpy'Nut? Wamama wengi wanaona ni uchoyo. Ni kwa sababu hiyohiyo: mwili uliozoea njaa, ukipewa mlo mzito mara moja, madini yanakimbilia ndani ya seli, damu inabaki tupu, na moyo unaweza kusimama mtoto akiwa ameshiba. Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati na mwembamba kupita kiasi, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa na njaa wakati wa mimba, ana matatizo yote mawili kwa pamoja.

Vitu visivyochanganywa

Kwa wale wanaotunza wagonjwa ku vituo vidogo na kwa familia zinazonunua dawa ku farmasi, kuna mambo mawili ya kushika sana.

La kwanza: kalsiamu na fosforasi zikiwekwa ovyo ndani ya chupa moja zinagandana, zinakuwa unga kama chokaa. Unga huo ukiingia ku mshipa unaziba mapafu. Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo viwili vya namna hiyo, na hao walikuwa wagonjwa wa hospitali zenye kila kitu.

La pili linatugusa zaidi, maana ceftriaxone iko kila mahali, mpaka ku maboutique. Ceftriaxone ikikutana na kalsiamu ndani ya mtoto mchanga inaganda vilevile, ndani ya mapafu na figo. Tangu 2007 imekatazwa kwa mtoto mchanga anayepokea serumu yenye kalsiamu. Ringer lactate ina kalsiamu, ingawa watu wengi wanaichukua kama maji ya chumvi tu. Na kwa mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, ceftriaxone haifai hata bila Ringer, kwa sababu inaongeza pia hatari ya ile manjano inayoharibu ubongo. Hospitalini wana dawa zingine za kumpa.

Kalsiamu yenyewe, hata ikitolewa kwa haki, inaingizwa polepole na mtu akiangalia moyo. Ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Ukiona mkono ama mguu wenye sindano unavimba, unageuka mwekundu ama mweupe, ita muuguzi palepale. Usingoje zamu ya asubuhi.

Serumu inapoondolewa

Lengo la waganga ni kuiondoa serumu mapema, na mwenye kuiondoa ni mama. Tangu siku ya kwanza anakamua maziwa, hata yakiwa matone ya manjano yasiyojaza kijiko, na mtoto anayapata kupitia sonde, kile kipira chembamba kinachopita puani ama mdomoni mpaka tumboni, kwa sababu kabla ya wiki ya 34 hivi watoto wengi hawajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango. Kila siku maziwa yanaongezwa, mpaka mililita 30 kwa kilo, na serumu inapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Ndani ya wiki moja hivi, mtoto wetu wa kilo 1.5 anaweza kufika mililita 225 za maziwa kwa siku. Ukigawa kwa milo minane ni mililita 28 kila mlo, hazifiki vijiko sita vidogo. Siku hiyo serumu haina kazi tena, na kila saa inayobaki ni nafasi ya vijidudu kuingia kupitia tundu la sindano.

Baridi ya milima ya Masisi inakula kalori zilezile. Kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ni njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, ambako kuveze hazikutosha. Tangu 2022 OMS inashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe ama aliye mahututi. Inasaidia na maziwa kutoka. Baba anaweza kufanya, nyanya pia.

Njia hiyo ina faida ingine ambayo watu wa huku hawahitaji kuelezwa sana. Mwezi wa kwanza 2025 vita ilipofika Masisi-centre, watu wengi walikimbilia ndani ya uwanja wa hospitali kuu, ile ambayo MSF inaisaidia tangu 2007. Mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya Walikale-centre. Barabara ikifungwa, vinavyoisha mbele ni vile visivyotengenezwa hapa: ampule, sindano ndogo, dawa za labo. Maziwa ya mama hayapitii Sake wala Hombo.

Maziwa ya ng'ombe, hapana. Tunajua Masisi ni nchi ya ng'ombe na jibini, na bibi atasema ya kwetu ni mazito na mazuri. Uzito huo njo shida. Yana fosforasi karibu mara sita kuliko ya mama. Figo za mtoto mchanga haziwezi kuitoa yote, fosforasi inajaa ndani ya damu, inaivuta chini kalsiamu, na baada ya siku kadhaa mtoto anashikwa na degedege ambayo familia itaitafutia mchawi.

Maziwa ya mama nayo, tuseme ukweli, hayajazi ghala lote kwa watoto walio chini ya kilo 1.5. Wanahitaji kalsiamu na fosforasi ya kuongezwa ndani ya maziwa, kwa kipimo cha hospitali, pamoja na vitamini D na, baada ya wiki mbili ama nne hivi, chuma. Wasipopata, mifupa inalainika wiki kadhaa baadaye, mara nyingine wakati mtoto ameshatoka na anaonekana ananenepa. Mbavu zinaweza kuvunjika kwa kumuinua tu vibaya. Siro ya kalsiamu peke yake, ya kununua sokoni, haitengenezi jambo hilo, kwa sababu kinachokosekana zaidi mara nyingi ni fosforasi.

Kwa hiyo tarehe ya kurudi iliyoandikwa ku fishi ya mtoto ni sehemu ya matibabu. Na kama mtoto amezaliwa nyumbani ama njiani mbele ya miezi yake, msimtafutie serumu. Mkaushe, mfunge kifuani mwa mama, kofia kichwani, mpeni maziwa ya mama kwa kijiko kama anaweza kumeza, na muanze safari ya hospitali hivyohivyo, iwe kwa moto ama kwa kipoyi. Akitetemeka, akilegea, akigeuka rangi ya buluu, ama akiacha kupumua, msikizisheni kwa kumsugua mgongo polepole, na msisimame njiani ku kituo kisichokuwa na sindano za watoto.